Kumzika mchungaji bila kuizika kazi yake: uchambuzi wa kisa kutoka Malindi

Kisa hiki kinahusu matanga ya mchungaji mmoja wa Malindi ambaye pia alikuwa kiongozi wa maskwota. Kimeandikwa kwa ajili ya kamati za makanisa, za misikiti na za vijiji ambazo siku moja zitampoteza ghafla mtu wa aina yake, zikalazimika kupanga mazishi, kulinda kesi na kuifariji familia ndani ya wiki moja. Majina ya watu, ya kanisa na ya vijiji yameondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Usuli

Marehemu alizaliwa katika familia ya Kigiriama upande wa bara, kule ambako minazi huanza kupungua na mibuyu kushika nafasi. Alikuja mjini akiwa kijana, akajifunza ushonaji, na cherehani ndiyo iliyomlisha hata baada ya kuanzisha kanisa. Lilikuwa kanisa dogo la mabati, na wiki nyingine sadaka yake haikutosha hata kulipia umeme.

Wengi hawakumjua kwa mahubiri. Walimjua kwa ardhi. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuusimamia ukanda wa maili kumi kutoka baharini, na mwaka 1908 ikatungwa sheria iliyowataka wenye madai ya ardhi ndani ya ukanda huo wayawasilishe ili wapewe hatimiliki. Wamijikenda wengi, Wagiriama wakiwemo, waliokuwa wakilima na kuzikana hapo hawakuandikishwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na mashamba makubwa yakabaki kwa wenye hati, baadhi yao wakiishi mbali sana. Ndiyo maana mpaka leo mtu anaweza kuishi pale alipozaliwa babu yake na bado akaitwa skwota.

Vijiji viwili vinavyopakana vilipopewa ilani ya kuhama, mchungaji alikuwa miongoni mwa waliokwenda kutafuta wakili. Yeye mwenyewe alikuwa na nyumba katika kimojawapo, na kanisa lake lilikuwa hapo hapo. Kesi ilifunguliwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yeye na wazee wawili wakiwa walalamikaji. Waliegemea kukaa kwa muda mrefu: sheria ya Kenya humruhusu aliyeikalia ardhi waziwazi, bila idhini ya mwenye hati na bila kukatizwa kwa miaka 12, aiombe mahakama imtambue kuwa mwenyewe. Mahakama iliamuru hali ibaki ilivyo hadi kesi isikizwe. Asibomoe mtu, asijenge mtu.

Kazi yake kubwa katika kesi hiyo ilikuwa kukusanya ushahidi: nani alipanda miembe ile, makaburi yale ni ya nani, watoto gani walizaliwa hapo na kadi zao za kliniki ziko wapi. Orodha ya wakazi iliandikwa na akina mama wa chama, nyumba kwa nyumba, katika madaftari ya shule. Jambo hili la akina mama na madaftari yao msomaji alishike, kwa sababu baadaye lilisahauliwa.

Kisha ikaja Shakahola, msitu ambako waumini wa kanisa moja wanadaiwa kuhimizwa wafunge chakula hadi kufa. Kuanzia Aprili 2023 miili ilifukuliwa katika msitu ule, hesabu ikapita 400, na ikahifadhiwa katika mochari ya hospitali ya Malindi. Paul Mackenzie, anayeshtakiwa kwa vifo hivyo, alikuwa na kanisa hapa hapa Malindi. Tangu siku hizo mhubiri yeyote wa kanisa dogo lililojitegemea akawa anatazamwa kwa shaka, na haikuwa shaka ya kuonewa. Marehemu hakulalamika. Alikaa na jamaa waliokuja kutafuta ndugu zao, akawasindikiza hadi meza ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta waliopotea pale hospitalini, kisha hadi kwa waliochukua sampuli za DNA. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Wako aliowasaidia kuzika.

Siku za mwanzo

Alifariki usiku, kwa shinikizo la damu, akiwa bado na nguvu zake. Kufikia adhuhuri vikundi vitatu vilikuwa vinapanga mazishi yale yale: familia chini ya kaka yake mkubwa, baraza la kanisa, na kamati ya ardhi iliyosimamia kesi ya vijiji vile. Kila kimoja kilikuwa kimetuma ujumbe wenye nambari yake ya M-Pesa. Watu wakaanza kuulizana mchango wa kweli ni upi.

Aliyeokoa mambo ni mjane. Alimwita kaka wa marehemu kando akamwambia, "Shemeji, naomba wote wakae mkeka mmoja kabla jua halijatua." Na wakakaa: wazee wa familia, wazee wa kanisa, kamati ya ardhi, mzee wa kijiji, na imamu wa msikiti wa jirani aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu enzi za cherehani. Iliteuliwa kamati moja. Mzee wa kanisa akaongoza, mwalimu mstaafu wa kike akapewa uhazini, na ikakubaliwa kwamba michango itasomwa kwa sauti kila jioni, jina na kiasi, mbele ya waliokaa matanga. Nambari mbili za simu zikafungwa, ikabaki moja.

Imamu alihimiza mazishi yasicheleweshwe. Kwao maiti hailali, lakini alitoa pia hoja ya dunia: mochari hutoza kwa siku, na kila siku inayoongezwa ni chakula cha watu na deni la mjane. Ikachaguliwa Jumamosi iliyokuwa karibu, hata kama jamaa wawili watatu wa mbali wasingefika.

Kaburi liwe wapi

Hapa ndipo kamati ilipotaka kuvunjika. Vijana wa kamati ya ardhi walitaka marehemu azikwe kijijini, juu ya ardhi inayobishaniwa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Katika migogoro ya ardhi ya Pwani, kaburi ni ushahidi pamoja na mwembe na mnazi. Palipo na mababu ndipo penye madai. "Akilala hapa," alisema mmoja wao, "hakuna tingatinga litakalopita."

Kaka wa marehemu alitaka azikwe bara, kwenye boma la baba yao. Mjane, aliyekuwa na haki ya kusikizwa kuliko wote, alinyamaza siku ya kwanza.

Mwalimu mstaafu aliwakumbusha kesi ya S. M. Otieno. Mjane alitaka kumzika mumewe karibu na Nairobi, ukoo ukataka Siaya, na mwili ukakaa karibu miezi mitano hadi Mahakama ya Rufani ilipoamua kwa faida ya ukoo mwaka 1987. Hakukusudia kusema ukoo hushinda daima, maana mahakama za baadaye zimezingatia pia ukaribu wa mtu na marehemu na matakwa yake marehemu. Alichotaka ni waone gharama ya kufika huko.

Kisha wakampigia simu wakili. Alieleza kwamba kaburi jipya katika ardhi yenye amri ya kutobadilisha hali linaweza kuhesabiwa kuwa ni kuivunja amri hiyo, na atakayeulizwa ni mlalamikaji, yaani upande wao wenyewe. Makaburi yanayosaidia kesi ni yale ya zamani. La jana linaweza kuonekana limechimbwa kwa ajili ya kesi, na likayatia doa hata yale ya kweli.

Ndipo mjane akasema. Mumewe aliwahi kumwambia angependa kulala karibu na baba yake, na yeye hataki kaburi la mume wake lije kufukuliwa kwa amri ya mtu. Vijana walikubali kwa uchungu. Walichopewa badala yake kilikuwa na uzito: jeneza lingepita kijijini asubuhi na kusimama mbele ya kanisa kwa saa moja, kabla ya safari ya bara.

Kigango na kifudu

Binamu mmoja alipendekeza marehemu achongewe kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka aliyefariki. Waumini wengine walishtuka, wakasema huo ni ushirikina, sauti zikapanda. Mzee wa kaya, yaani wa msitu mtakatifu wa Wamijikenda, aliyekuwa amekaa pembeni ndiye aliyeumaliza ubishi, tena kwa kanuni za kwao. Kigango husimamishiwa mwanachama wa Gohu, chama cha heshima cha Wagiriama, na marehemu hakuingia Gohu. Wala hakisimamishwi siku ya maziko; huja baadaye, wahenga wakidai. "Mkimwekea mchungaji kigango," alisema, "mtakuwa mmewakosea wawili: yeye, na waliokilipia."

Maneno hayo yanastahili kutafakariwa. Vigango vimeibwa kwenye makaburi ya Wagiriama kwa miongo mingi, vikauzwa kwa watalii na kwa makumbusho ya ng'ambo; Denver Museum of Nature & Science ilikubali kurudisha 30 mwaka 2014. Mzee anayejua kwamba alama hizi zimegeuzwa pambo ukutani ana haki ya kukataa zitumike ovyo, hata kwa nia njema.

Kuhusu kifudu, kanisa lililegea. Ni ngoma ya matanga ya wanawake wa Kigiriama, na mama mmoja aliwauliza wazee wa kanisa iwapo wanakumbuka kwamba Mekatilili wa Menza aliitumia kukusanya watu mwaka 1913. Kama ngoma hiyo ilifaa kuwaamsha Wagiriama dhidi ya wakoloni, haiwezi kumchafua mtu aliyepigania ardhi ile ile. Ikachezwa bomani, Ijumaa alasiri, ikamalizika kabla ya giza.

Giza lilikuwa na sababu yake. Marehemu alikuwa amepinga disko matanga kwa miaka, zile za kukesha na spika kubwa huku wasichana wa shule wakirudi na mimba. Kesha lake likawa la kwaya na ushuhuda, na saa nne usiku watoto wote wakapelekwa nyumbani na watu waliotajwa kwa majina.

Wasifu ulioandikwa upya

Rasimu ya kwanza ya wasifu iliandikwa na kijana wa kanisa aliyempenda sana. Ilimwita nabii. Ilisema aliombea mgonjwa akapona papo hapo, na kwamba bila yeye vijiji vingekuwa jangwa. Mjane aliisoma akairudisha. Alitaka neno nabii liondoke, na miujiza iondoke. Alisema mumewe alimeza dawa za presha kila alipozipata na aliwahimiza waumini waende hospitali, na kwamba watu wa Malindi wamezika vya kutosha kwa sababu ya wachungaji wasioulizwa.

Rasimu ya pili iliondoa miujiza lakini ikabakiza sifa tupu: mnyenyekevu, mpole, mchapakazi, mpenda watu. Mwalimu mstaafu akashauri kila sifa ifuatwe na tendo, na kila tendo litaje waliolifanya pamoja naye. Ukikosa tendo, sifa inaondoka. Wasifu ukabaki kurasa mbili. Ulieleza jinsi madaftari ya akina mama yalivyoandikwa na nani alishika kalamu. Ulieleza foleni za hospitali za 2023. Ulitaja pia kwamba alikosana na kamati mara moja kuhusu kumwamini dalali fulani, akaomba msamaha mbele ya watu. Kaka yake hakupenda sentensi hiyo. Mjane aliitetea, ikabaki.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki. Mtu akifanywa mtakatifu, kazi yake haiwezi kurithiwa na mtu wa kawaida. Mtu akielezwa alivyofanya kazi, na nani, basi aliyeketi nyuma kwenye benchi anaweza kusikia sehemu yake ndani ya maelezo hayo.

Siku ya mazishi

Chakula kilipangwa vizuri. Ng'ombe na mbuzi walichinjwa na jirani Mwislamu, kama ilivyo desturi ya watu wa Pwani wanaotaka wote wale sufuria moja, na akina mama wa dini zote mbili wakapika pamoja.

Badala ya hotuba za sifa, kila kikundi kilichofanya kazi na marehemu kilipewa dakika kumi kujibu maswali mawili: mlifanya nini naye, na sasa nani anashika sehemu yake? Jamaa wa waliopotea Shakahola walimtaja binti atakayeendelea kuwasindikiza wengine ofisini. Wapinga disko matanga walitaja wazazi watatu. Kamati ya ardhi iliwataja wale wazee wawili walalamikaji. Chama cha akina mama hakikuitwa. Kilikuwa jikoni.

Kwa wanasiasa kamati ilikuwa imeamua wasalimie watu kabla ya ibada, mmoja aseme kwa niaba ya wote, na bahasha zipelekwe mezani kwa mhazini bila kutangazwa. Sababu ilikuwa wazi: kesi ya ardhi ikiwa mahakamani, ahadi ya mheshimiwa inaweza kuwafanya watu waache kuhudhuria vikao wakisubiri hati. Wawili waliheshimu utaratibu. Wa tatu alichelewa, akafika jeneza likiwa limeshateremshwa, akashika kipaza sauti akaahidi hatimiliki. Watu wakashangilia. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kukilinda kipaza sauti.

Miezi iliyofuata

Michango ililipa mochari, jeneza, usafiri na chakula, na ikabaki akiba. Hapo mambo yakachanganyika. Watu wengine walikuwa wametuma pesa za rambirambi kwa mjane, wengine za kesi, na zote ziliingia simu moja bila kutenganishwa. Mhazini alikuwa mwaminifu, na daftari lake lilisomwa kila jioni, lakini lilionyesha nani ametoa na kiasi gani tu. Halikuonyesha ametoa kwa nini. Vikao vitatu vilipotea katika swali hilo, na mjane alifikishwa mahali pa kujieleza kuhusu pesa za mumewe marehemu. Mwishowe kamati ya ardhi ilimwachia zote.

Karatasi za kesi zilileta tabu kubwa zaidi. Wakili alikuwa na nakala za zilizowasilishwa mahakamani, ila picha za makaburi, nambari za mashahidi na sauti za wazee zilizorekodiwa zilikuwa ndani ya simu ya marehemu, na hakuna aliyejua nambari yake ya siri. Wawili kati ya wazee waliorekodiwa walikuwa wameshafariki. Simu hiyo haijafunguliwa mpaka sasa.

Kesi yenyewe iliokolewa na kalenda ya wakili. Amri ya 24 ya Kanuni za Kesi za Madai za 2010 inasema mlalamikaji akifa, na dai lake likiwa halibaki kwa wenzake pekee, mwakilishi wake wa kisheria huingizwa mahali pake kwa maombi. Mwaka ukipita bila maombi, upande wa marehemu katika kesi huanguka. Wale wazee wawili walalamikaji wangeweza kuendelea kwa madai yao, lakini nyumba ya marehemu na kiwanja cha kanisa vilikuwa chini ya dai lake yeye. Cheti cha kifo kilihitajika, kisha barua ya chifu ya kuwataja warithi, kisha idhini ya mahakama kwa mjane kumwakilisha. Kibali cha mazishi walikuwa nacho wakadhani kinatosha. Hakitoshi. Mjane aliingizwa kwenye kesi kabla ya mwaka kwisha, kwa miezi michache tu.

Kilichofaa na kilichokwama

Mkeka mmoja wa siku ya kwanza ulifaa, na ulifaa kwa sababu aliyeuomba ni mjane na aliyeombwa ni mkubwa wa familia. Kamati ya ardhi ingeuitisha, familia ingeona inanyang'anywa maiti. Kuwepo kwa imamu na mzee wa kaya kuliisaidia kamati kwa namna ambayo baraza la kanisa pekee lisingeweza: mmoja alisema juu ya gharama jambo ambalo waumini waliona haya kulisema, na mwingine aliufunga mjadala wa kigango bila mtu kudharauliwa.

Kumpigia wakili kabla ya kuchagua kaburi kulifaa sana. Kamati nyingi humkumbuka wakili baada ya arobaini.

Kubwa lililokwama ni la akina mama. Wao ndio walioandika orodha ya wakazi, wao ndio wanaojua nani alihamia lini na nani alizaliwa wapi, na wasifu uliwataja kwa heshima. Lakini kamati ya mazishi ilikuwa na mwanamke mmoja tu, wa kuhesabu pesa, na saa ya kutaja warithi wa kazi ilipofika waandishi wenyewe walikuwa wanapakua wali. Matokeo yake ni kwamba wiki kadhaa baadaye kamati ya ardhi ilihangaika kutafuta nakala ya orodha hiyo kwa wakili, wakati madaftari yenyewe yalikuwa kabatini kwa katibu wa chama, hatua chache kutoka kanisani. Mtu angeuliza jikoni, wangeyapata siku ile ile.

Kuhusu simu, lawama si ya marehemu peke yake. Kamati ilimwachia abebe kila kitu kwa sababu alikuwa tayari kubeba. Kwa kesi ya aina hii rekodi za mashahidi zinafaa kukaa mahali pawili na kufunguliwa na watu wawili, na wazee wakongwe waape viapo vyao vya maandishi mbele ya kamishna wa viapo wakingali hai, wakili azihifadhi.

Kuhusu kipaza sauti, kanuni ilikuwa nzuri ikakosa mwenyewe. Baada ya ahadi ile ya hati, mahudhurio ya vikao vya kamati yalishuka, na wakili alilazimika kuja kijijini kueleza kwamba hakuna hati itakayotoka kesi ikiwa bado mahakamani. Katika mazishi mengine mawili yaliyofuata hapo kijijini, kipaza sauti kilikabidhiwa kwa kiongozi wa kwaya, na ibada ilipokwisha kikazimwa.

Kanisa limepata mchungaji mpya. Aliombwa aingie kamati ya ardhi katika nafasi ya marehemu, akakataa, akasema hajui lolote kuhusu kesi na asingependa kukalia kiti kwa sababu ya cheo. Kamati ilikubaliana naye, na kiti hicho sasa ni cha katibu wa chama cha akina mama.